Jinzi iliyotoka mgodini

Wauza mitumba wa Karume, pale Ilala, wana wateja wa aina yake. Hawaulizi saizi wala bei. Mtu anaokota suruali ya jinzi kwenye lundo, anaugeuza mguu ndani nje, anachungulia mshono wa ubavuni, kisha anaitupa na kuokota nyingine. Mara ya kwanza nilidhani jamaa anatafuta chawa. Kumbe anatafuta ukingo mweupe wenye uzi mwekundu, na akiupata anajikausha uso, asije muuzaji akapandisha bei.

Kisa cha ukingo huo kinaanzia Reno, jimbo la Nevada huko Marekani, mwishoni mwa 1870. Fundi cherehani Jacob Davis, mhamiaji kutoka Riga, alijiwa na mke wa mkata kuni aliyechoka kuona suruali za mumewe zikichanika kila kukicha. Davis alikuwa akishona pia mahema na mablanketi ya farasi, na mezani pake zilikuwapo ribiti za shaba, vile vijisumari vifupi vinavyogongwa vikabana pande zote mbili. Akazigonga kwenye pembe za mifuko, pale mkono wa mfanyakazi unapovuta mpaka uzi unakatika. Suruali ikadumu. Wateja wakamiminika hadi akaanza kuhofia kuibiwa ujuzi wake, lakini ada ya hataza ilikuwa dola 68, na kwake huo ulikuwa mzigo. Mwaka 1872 akamwandikia barua mfanyabiashara wa San Francisco aliyekuwa akimuuzia vitambaa, Levi Strauss, mzaliwa wa Bavaria. Strauss akakubali kuilipa ada, na hataza ikatolewa tarehe 20 Mei 1873. Jina la fundi likazama. La muuza vitambaa ndilo tunalolikalia hadi leo.

Hapakuwa na aliyewaza urembo. Mnunuzi alikuwa mchimba madini, mjenga reli, mchunga ng'ombe. Mtu ambaye suruali ikimchanikia asubuhi, ndiyo hiyohiyo atashinda nayo hadi jioni.

Ribiti peke yake, hata hivyo, haiokoi kitambaa kibovu. Kitambaa cha mwanzo kilitoka viwanda vya Amoskeag, New Hampshire. Katika karne ya 20 kazi ikahamia kwa Cone Mills ya Greensboro, North Carolina, ambao kiwanda chao cha White Oak kilifunguliwa mwaka 1905. Mitambo ya enzi hizo ilirusha kipande cha mti kilichobeba uzi wa mshindio, kushoto kwenda kulia na kurudi, uzi uleule bila kukatwa, hivyo kitambaa kikajifunga chenyewe kandokando. Huo ndio ukingo. Kilitoka chembamba, upana wa sentimeta 75 hivi, na kilitoka polepole. Fundi hakutaka kupoteza hata kipande, kwa hiyo aliulaza ukingo kwenye mshono wa nje wa mguu, na ovaloki haikuhitajika. Uzi mwekundu ulikuwa alama ya kitambaa cha Levi's.

Rangi nayo ina ujanja wake. Mtande hutiwa nili, mshindio huachwa mweupe, na nili haizami hadi kwenye moyo wa uzi. Hulalia juu tu. Ndiyo maana jinzi huchujuka pale inaposuguliwa: gotini, pajani, penye pochi. Suruali iliyovaliwa miaka kumi inamjua mwenyewe kuliko picha yake ya kitambulisho. Siku hizi jinzi hupaushwa viwandani kwa mawe na dawa kabla haijafika dukani, na mnunuzi analipia magoti ya mtu ambaye hajawahi kuwapo.

Mitambo mipana na ya haraka ilipoenea, ukingo ukaanza kukatwa, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 ulikuwa umetoweka kwenye jinzi za kawaida za Levi's 501. White Oak yenyewe ilifungwa mwishoni mwa 2017. Lakini tusidanganyane: nguo za zamani zilizokuwa mbovu zilikuwa nyingi, ila zilikwisha kuwa madekio. Tunazozisifu ndizo zilizopona.

Wajapani waliiona mapema thamani ya hizo zilizopona. Mafundi wa Osaka na Okayama walianza kuzifumua jinzi kuukuu za Kimarekani, kuhesabu nyuzi na kuiga kila kitu, hata kasoro. Watu husimulia kwamba walinunua mitambo chakavu ya Wamarekani. Si kweli. Walitumia zaidi mitambo ya Toyoda ya kwao, na kiwanda cha mitambo hiyo ya kufumia ndicho kilichozaa Toyota ya magari. Ukipanda Haiesi kwenda Karume kuchagua jinzi, umepandia tawi jingine la ukoo uleule.

Oktoba 2022, kwenye mnada uliofanyika karibu na Aztec, jimbo la New Mexico, jinzi ya Levi's ya miaka ya 1880 iliyookotwa katika mgodi uliotelekezwa ilinunuliwa kwa dola 76,000. Ina madoa ya nta ya mishumaa ya wachimbaji, na bado ni imara kiasi cha kuvalika. Ndani ya mfuko kumechapwa tangazo: aina pekee inayotengenezwa na wafanyakazi weupe. Ulikuwa wakati wa sheria ya 1882 iliyowafungia mlango vibarua wa Kichina, na kampuni iliona maneno hayo yatavuta wateja. Iliyaacha miaka ya 1890. Mfukoni bado yanasomeka.