Maji ya Kaskazi: Kisima, Jabia na Mchanga wa Shela

Katika kisiwa cha Lamu mwaka hugawanywa na pepo. Kusi huandamana na masika, na kufikia Mei visima hupata maji. Kaskazi huanza Desemba, na katika Januari na Februari tone la mvua ni habari ya kusimuliwa. Majira ya kaskazi yalikuwa majira ya neema bandarini, kwa kuwa ndiyo yaliyoleta majahazi ya Arabuni na Ghuba. Yalikuwa pia majira ya kiu, kwani wageni waliongezeka wakati uleule maji yalipopungua. Wanahistoria wa pwani wameandika mengi juu ya majahazi na machache mno juu ya kiu, na upungufu huo si mdogo, maana mji haudumu kwa kile unachouza bali kwa kile unachokunywa.

Lamu haina mto. Mvua ikinyesha hupenya mchangani na kukaa juu ya maji ya bahari yaliyomo ardhini, kwa sababu maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Wataalamu wawili, Ghyben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, walieleza kanuni ya jambo hili kati ya miaka ya 1880 na 1901: kwa kila futi moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, pana futi 40 hivi chini ya usawa huo. Msomaji na apime maana yake. Maji ya kisima yakishushwa futi moja na yasirudi, chumvi hupanda kidogo kidogo futi 40. Kwa hiyo kisima cha kisiwani kikitekwa bila kiasi hakikauki. Huharibika, na uharibifu huo hauonekani kwa macho. Huonjwa kwa ulimi, wakati umekwisha kuchelewa. James Kirkman, aliyeanza kuchimbua magofu ya Gede mwaka 1948, alihesabu kushuka kwa maji ya visima miongoni mwa sababu za mji ule kuhamwa.

Wenyeji hawakuhitaji kanuni ya Herzberg ili wajue kujizuia. Ujuzi wao waliujenga ndani ya nyumba. Katika nyumba ya mawe, maji ya kunywa yalikaa mtungini, na maji ya kuoga na ya kutawadha yalikaa katika birika la chokaa chooni. Hakuna aliyeingia ndani ya birika. Maji yalitekwa kwa kata, yaani kifuu cha nazi chenye mpini, na kila kata ilikuwa tendo la mkono. Mtu hakuweza kusahau ametumia ngapi. Katika sakafu ya birika waashi walijengea bakuli la kaure, mara nyingi la Kichina. Watalii hulitazama bakuli hilo kama pambo la matajiri, na pengine lilikuwa hivyo pia. Lakini lilikuwa na kazi. Birikani waliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na maji yalipokaribia kwisha samaki hao walijihifadhi bakulini. Nyumba ilijengwa ikiutazamia upungufu tangu siku ya kwanza.

Msikitini jambo lilikuwa zito zaidi, kwa kuwa liligusa sheria. Kwa madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na wengi pwani, maji yaliyofikia kiasi cha kulatani, ambacho leo hukadiriwa kama lita 200, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Yakipungua chini ya kiasi hicho, najisi ndogo tu huyaharibu yote. Basi ukubwa wa jabia la msikiti haukuwa fahari ya mjenzi. Jabia lililoachwa lishuke mno katika kaskazi lilikaribia mpaka wa hukumu, si mpaka wa uhaba peke yake. Na wanachuoni walifundisha kwamba Mtume alitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, kiasi kisichofika lita moja. Ni nadra kukuta amri ya serikali iliyoeleweka na kila mtoto namna hii.

Hata hivyo, si haki kuusifu utaratibu huu bila kuuliza nani aliyejaza birika. Kwa karne nyingi jibu lilikuwa mtumwa. Bwana aliyemwaga maji hakuumia mgongo, na kiasi anachojiwekea mtu asiyebeba ni kiasi cha hiari. Utumwa ulipofutwa kisheria katika Himaya ya Afrika Mashariki ya Uingereza mwaka 1907, mzigo haukutoweka. Uliwaangukia wanawake wasio na wasaidizi, wachukuzi wa ujira na punda. Debe la mafuta ya taa, lenye galoni nne, likawa kipimo cha maji. Hapo ndipo maji yalipopata bei ya kuhesabika, na uangalifu ukawa hesabu ya mfukoni.

Upande wa mashariki, Faza na Kizingitini katika kisiwa cha Pate, na Kiwayu, majabia ya kukinga mvua bado yanatumika. Uwanja huchapwa sakafu, maji yakatiririka hadi kwenye tangi lililochimbwa chini. Hapo kiasi hakina ubishi: kilichokingwa katika masika ndicho kitakachonywewa mpaka masika mengine, au maji yaletwe kwa mashua.

Mji wa Lamu umeegemea kitu kingine, nacho ni vilima vya mchanga vya Shela. Visima vya huko ndivyo vinavyoulisha mji kwa mabomba, na mchanga ule, ambao mpita njia huuona mtupu, ndio ghala. Mabomba yalipofika, kata na birika vilianza kusahauliwa. Mji ulitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa mwaka 2021. Nyumba za wageni zimeongezeka Shela, na kumekuwa na manung'uniko juu ya ujenzi karibu na vilima. Familia inaweza kuoga kwa kata mbili na isiokoe kitu, ikiwa mchanga unaopokea mvua umefunikwa kwa saruji. Uangalifu wa nyumbani uliweza kulinda kisima cha nyumbani tu.

Ng'ambo ya mlango wa bahari, katika kisiwa cha Manda, yapo magofu ya Takwa, mji uliohamwa katika karne ya 17 au karibu yake. Inasimuliwa kwamba maji yake yaligeuka chumvi, na watu wake wakavuka kwenda kukaa Shela. Kaburi la nguzo lililobaki pale lina tarehe inayolingana na mwaka 1681 au 1682. Watu wa Shela wamedumisha desturi ya kulizuru: huvuka kwa mashua, hupita katika mkondo wa mikoko wakati maji yamejaa, na husoma dua kaburini kuomba mvua.