UKAGUZI WA KITUO CHA CHEKECHEA: MLEZI WA MWANZA AJIPANGE VIPI BILA PRESHA?



Leo tuongelee kazi ambayo vijana wengi, hasa kina dada, wanaishia kuifanya wakimaliza kidato cha nne: kulea watoto kwenye vituo vya mchana, vile tunavyoviita chekechea au dei kea. Mwanza vipo kuanzia Igoma na Buhongwa mpaka Kirumba na Pasiansi. Kazi yenyewe ina raha yake, ila kuna neno moja likitajwa tu mlezi anakosa usingizi: UKAGUZI.

Ikisikika kwamba watu wa Halmashauri wanapita kata ya jirani, patashika inaanza. Kuta zinapigwa chokaa usiku, vikombe vinaazimwa, watoto wanakaririshwa wimbo wa kumpokea mgeni, na wengine wanaambiwa kesho wabaki nyumbani ili chumba kisionekane kimejaa. Kwa kweli huku kuficha ndiko kunakoleta presha, na mtoto hafaidiki na chochote. Tuangalie nani anakuja, anatafuta nini, na mlezi afanye nini.

NANI ANAKUJA?

Huku Bara vituo hivi viko chini ya Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009. Sheria hiyo ndiyo iliyofuta ile ya zamani ya vituo vya kulelea watoto mchana ya mwaka 1981. Anayehusika hasa ni AFISA USTAWI WA JAMII wa Halmashauri yako: Jiji la Mwanza kama uko Nyamagana, Manispaa kama uko Ilemela, au Halmashauri za Magu, Misungwi, Sengerema, Ukerewe na kwingineko. Ana mamlaka ya kuangalia jengo, hesabu na kumbukumbu zako.

Wengine wanaoweza kupita ni Afisa Afya (vyoo, maji, jiko) na Zimamoto. Kama una darasa la awali, jua kwamba hilo liko upande wa elimu, kwa hiyo utawaona pia wathibiti ubora wa shule, ambao zamani tuliwaita wakaguzi wa shule. Watu wengi wanachanganya hapa. Wanajiandaa kwa afisa mmoja, anakuja mwingine, wanaishiwa nguvu.

KWA NINI WANAKAGUA?

Tusijidanganye, hatari zipo. Septemba 2020 moto uliwaka kwenye bweni la shule moja ya msingi wilayani Kyerwa, Kagera, ng'ambo tu ya ziwa letu, wakafa wanafunzi 10. Ndiyo maana mtu anauliza mlango wa pili uko wapi na kwa nini dirisha limezibwa na magunia.

Halafu kuna maji. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu kama 300,000 walikufa kwa kuzama duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Mojawapo ya kinga ambazo shirika hilo linashauri ni mtoto mdogo awe na sehemu salama ya kulelewa mchana, mbali na maji. Sasa fikiria mama anayekwenda Mwaloni alfajiri kuuza dagaa. Kituo chako kikifungwa, mtoto wake anabaki na dada yake wa miaka saba, au anazurura ufukweni. Kwa hiyo kituo kuwepo ni muhimu, na kituo kuwa salama ni muhimu vilevile. Mlezi akilielewa hili, hamwoni tena mkaguzi kama adui.

WANAANGALIA NINI?

Nenda ofisi ya Ustawi wa Jamii ukaombe orodha yao ya vigezo ukiwa na amani, kabla hawajaja. Kwa ujumla jiandae kwa haya:

1. KARATASI. Cheti cha usajili, vyeti vya walezi, mkataba wa nyumba. Weka yote kwenye faili moja, na kila mlezi ajue lilipo. Mwenye kituo anaweza kuwa safarini Geita siku hiyo.

2. DAFTARI LA WATOTO. Jina, tarehe ya kuzaliwa, namba za simu za wazazi, nakala ya kadi ya kliniki, ugonjwa au chakula kinachomdhuru, na NANI ANARUHUSIWA KUMCHUKUA. Mahudhurio yaandikwe kila asubuhi. Kuyajaza ya miezi mitatu kwa kalamu moja usiku mmoja ni kazi bure, mtu mzoefu anaona tu!

3. DAFTARI LA MATUKIO. Mtoto kaanguka, kaumwa, kachelewa kuchukuliwa: andika siku, saa na ulichofanya. Wengi wanaogopa kwamba ukiandika unajichongea. Wakati mtoto kaanguka kweli, maandishi ndiyo yanayokutetea.

4. MAJI NA CHOO. Kama bomba hakuna, ndoo yenye koki au kibuyu chirizi na sabuni vinatosha kuanzia. Maji ya kunywa yachemshwe. Maji ya ziwani yasitumike kuogeshea watoto wala wasipelekwe kuchezea huko, kuna kichocho. Ndoo, pipa na kisima vifunikwe, maana mtoto mdogo anaweza kuzama hata kwenye ndoo.

5. USALAMA WA ENEO. Mwanza ni mji wa mawe na milima. Kama uko Mabatini au Igogo juu kule, angalia ngazi, mawe yanayoteleza na uzio. Jiko la mkaa liwe mbali na watoto.

6. WALEZI WENYEWE. Idadi yao, mafunzo yao, na wanavyoongea na watoto. Anayetaka kusomea kazi hii, kuna Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Dar, na kuna chuo cha Kisangara kule Mwanga, Kilimanjaro.

PRESHA YENYEWE JE?

Dalili zinajulikana: kichwa kinagonga, usingizi hauji, chakula hakipiti, na kibaya zaidi unaanza kuwafokea watoto kwa makosa madogo. Watoto wanasoma uso wako. Ukiwa na wasiwasi, nao wanalialia siku nzima.

Yanayosaidia:

- GAWENI KAZI. Mmoja ashike madaftari, mwingine choo na maji, mwingine usalama wa uwanja. Kila Ijumaa dakika 20 za kuangalia, basi. Mlezi mmoja akibeba yote ataugua.

- FANYENI UKAGUZI WA MAJARIBIO. Mwombe mlezi wa kituo cha jirani aje na orodha akukague, halafu na wewe ukamkague. Aibu ya kuambiwa na mwenzako ni ndogo, na unapata muda wa kurekebisha.

- USIKU WA KUAMKIA SIKU YENYEWE, LALA. Chokaa ya saa sita usiku haiokoi kituo. Mlezi anayesinzia ni hatari kwa watoto.

- RATIBA YA WATOTO ISIBADILIKE. Uji saa ileile, michezo saa ileile, usingizi saa ileile.

- USISEME UONGO. Kama kitu hakipo, sema, "Hiki hatuna bado, afande, tumepanga mwezi ujao." Andika kila anachokuambia. Kama hujaelewa, uliza papo hapo.

- ONGEA NA MTU. Mume, rafiki, mama mkubwa, yeyote. Hofu ukiiweka moyoni inakua.

BAADA YA UKAGUZI

Omba maelekezo kwa MAANDISHI pamoja na muda wa kurekebisha. Kituo kikionekana hakiendeshwi kwa faida ya watoto, kinaweza kusimamishwa mpaka kasoro zirekebishwe, kwa hiyo tarehe usiichukulie poa. Kasoro zigawe mafungu matatu: za leo bila pesa (kufunika ndoo, kuondoa magunia dirishani), za wiki hii kwa pesa kidogo, na zile zinazomhusu mwenye nyumba. Anza na inayoweza kuumiza mtoto. Itisha na wazazi. Wakionyeshwa karatasi, wengi watachangia hata mfuko wa saruji.

Na jamani, ukaguzi hauna "chai". Akitokea mtu anataka mshiko ili afumbe macho, TAKUKURU wanapatikana bure kwa 113. Pia andika ukutani 114 ya Zimamoto, na 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, kwa ajili ya mtoto anayeonyesha dalili za kunyanyaswa.

Mkiona kituo ambacho mlango uko wazi kwa mzazi saa yoyote bila taarifa, hapo hata mkaguzi akija ghafla Jumatatu asubuhi hakuna wa kukimbia. Mzazi anakagua kila siku.

Walezi mliopo Mwanza, Musoma na Bukoba, kwenu ukaguzi unakwendaje? Na wazazi, mmewahi kuomba kuona cheti cha usajili cha pale mnapomwacha mtoto? Tiririkeni hapo chini.

Nawakilisha!