Haki Iliyorukwa Kati ya Ukweli na Maridhiano

Tume ya Afrika Kusini iliitwa ya Ukweli na Maridhiano. Kenya, ilipotunga sheria ya tume yake mwaka 2008, ilipachika neno la tatu katikati: Haki. Vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilikuwa zimeua watu zaidi ya 1,100, na mpangilio wa jina ulikuwa ahadi kwamba ukweli usemwe, aliyedhulumiwa atendewe haki, ndipo watu wapatane. Tume ilichunguza dhuluma kuanzia Desemba 12, 1963, hadi Februari 28, 2008, ikapokea taarifa zaidi ya 40,000. Mei 2013 ilimkabidhi Rais Uhuru Kenyatta ripoti yenye mauaji ya Wagalla ya Februari 1984, mateso katika jengo la Nyayo House na unyakuzi wa ardhi Pwani. Machi 2015 Rais aliomba radhi Bungeni na kutangaza hazina ya shilingi bilioni 10. Baada ya hapo ripoti ililala Bungeni, na miaka ikapita manusura wakiisubiri hazina hiyo.

Wapo wanaosema tume ilijichafua yenyewe. Mwenyekiti wake, Bethuel Kiplagat, alidaiwa kuhusika na mambo aliyopaswa kuyachunguza, madai aliyoyakana, na makamishna watatu wa kigeni walilalamika kwamba sura ya ardhi ilibadilishwa. Dosari hizo ni nzito, lakini ni za tume. Mjane aliyetoa ushahidi hakumteua mwenyekiti wala hakuihariri sura yoyote. Mahakama Kuu nayo imeamuru walioteswa Nyayo House walipwe fidia. Hivyo madai ya zamani yanathibitika na kulipika.

Wengine hukimbilia methali: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ushauri huo Kenya ilikwisha kuujaribu. Mwaka 2003 jopo la Profesa Makau Mutua lilipendekeza tume ya ukweli, pendekezo likawekwa kando, na miaka minne baadaye nchi ikawaka. Hakuna awezaye kuapa kwamba tume ingeuzuia moto ule. Kinachojulikana ni kwamba kimya hakikuuzuia. Machi 2018 Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walipeana mikono, na joto la siasa likapoa kweli. Lakini waliopatana ni washindani wawili wa kura. Manusura wa Wagalla hakuwa na ugomvi na yeyote kati yao kuhusu kura. Alikuwa na dai kwa serikali, na dai hilo halimalizwi na mikono ya watu wengine.