Mapenzi, Uganga na Historia katika Riwaya ya Aniceti Kitereza: Ukerewe ya Kale Kama Ilivyokumbukwa Mwaka 1945

1.0 Utangulizi

Riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali hutajwa mara nyingi kama hazina ya mila za Wakerewe. Wahakiki wameisoma kama riwaya ya kiethnografia, wakaorodhesha humo taratibu za posa, kilimo, uvuvi, upikaji wa pombe na mazishi. Usomaji huo una faida zake, lakini umeacha nyuma mambo mawili. Kwanza, kiini cha kisa ni mapenzi ya mume na mke wanaokataa kutenganishwa. Pili, mapenzi hayo yanaokolewa kwa njia ya uganga, na yanaishi katika jamii inayouogopa uchawi. Kwa hiyo, ni riwaya ya mapenzi iliyowekwa katika wakati uliopita na ambayo nguvu zisizoonekana zina nafasi ya msingi ndani yake.

Makala haya yanajadili swali moja: je, uganga na uchawi katika riwaya hii ni pambo la kale lisilo na tarehe, au ni sehemu ya historia inayoweza kuwekwa katika wakati wake? Hoja inayotetewa ni kwamba mambo hayo yana tarehe, na kwamba msomaji anayeyachukua kuwa ya “tangu enzi na enzi” huipotezea riwaya thamani yake kubwa kama chanzo cha historia.

2.0 Mwandishi na Mazingira ya Utunzi

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika kisiwa cha Ukerewe, ndani ya ziwa Viktoria, katika ukoo wa watawala wa kisiwa hicho. Utoto wake uliangukia katika miaka ambayo utawala wa Kijerumani ulikuwa unajijenga, huku wazee waliokulia chini ya watemi wa kabla ya ukoloni wakiwa bado hai na wanasimulia. Alisomeshwa na wamisionari Wakatoliki wa shirika la White Fathers, kwanza Ukerewe na baadaye katika seminari ya Rubya, Bukoba. Alirejea kisiwani akiwa msomi wa lugha kadhaa, akafanya kazi na misheni ya Kagunguli.

Mswada wa riwaya aliukamilisha mwaka 1945 kwa lugha ya Kikerewe. Uamuzi huo wa lugha una uzito wake. Wamisionari walikuwa tayari wameandika kuhusu dini na maisha ya nyumbani ya Wakerewe. Makala ya Padre Eugène Hurel yalichapishwa katika jarida la Anthropos mwaka 1911. Maandishi ya namna hiyo yaliwalenga wasomaji wa Ulaya. Kitereza aliandika kwa ajili ya Wakerewe wenyewe, hasa vijana ambao hawangebahatika kuwasikia wazee waliomsimulia yeye.

Aliandika pia chini ya mamlaka mbili zilizokuwa na neno la kusema juu ya uganga. Kanisa, ambalo yeye alikuwa muumini wake, lilifundisha kwamba ramli na matambiko ni mambo ya kuachwa. Serikali ya Kiingereza ya Tanganyika nayo ilikuwa na Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, iliyofanya madai ya kutumia nguvu za siri kuwa kosa la jinai. Katika mazingira hayo, Mkatoliki aliyeandika kurasa nyingi juu ya waganga bila kuwakejeli alikuwa anafanya jambo lisilo la kawaida.

3.0 Mapenzi Yaliyojaribiwa na Utasa

Kisa chenyewe ni rahisi kukieleza. Myombekere na Bugonoka wanapendana, lakini hawana mtoto. Ndugu za mume wanaanza kumsimanga mke na kumshinikiza mume aoe mwingine. Wazazi wa Bugonoka, wakiona binti yao anadhalilishwa, wanamchukua na kumrudisha kwao. Myombekere hatafuti mke mwingine. Anakwenda ukweni kuomba radhi, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, na anaihangaikia mpaka inapatikana. Mke anarudi. Baada ya hapo wanamwendea mganga, Bugonoka anatibiwa, na hatimaye anazaliwa Ntulanalwo, kisha binti yao Bulihwali.

Mfuatano huu unaonyesha jambo ambalo orodha ya mila haiwezi kulionyesha. Katika jamii inayopima ndoa kwa watoto, kumrudia mke asiyezaa ni kwenda kinyume na matarajio ya ukoo. Myombekere anaweka mapenzi mbele, lakini hapingani na desturi, anaitumia. Faini ya pombe ni desturi, na kwenda kwa mganga ni desturi pia. Mwandishi anaonyesha kwamba mila zilikuwa na mlango wa kutokea kwa wawili waliokuwa tayari kuuhangaikia.

Maisha ya Kitereza mwenyewe yanafanana na sehemu ya kisa hiki. Yeye na mkewe, Anna Katura, hawakubahatika kubaki na mtoto, na ndoa yao iliendelea. Hata hivyo, haifai kuisoma riwaya kama tawasifu iliyofichwa. Kufanana huko kunaeleza tu kwa nini uchungu wa utasa umeandikwa kwa utulivu na undani kiasi hicho.

4.0 Uganga, Uchawi na Tarehe Zake

Riwaya inatenganisha waziwazi uganga na uchawi. Mganga ana jina, ana makazi, anadai ujira, anatoa dawa za miti pamoja na miiko ya kufuatwa. Kazi yake inafanyika mbele ya watu na inaweza kusifiwa au kulaumiwa. Mchawi, kinyume chake, ni hofu zaidi kuliko mtu: anashukiwa, ananong'onwa, anatafutwa kwa ramli. Juu ya wote yupo Namuhanga, Muumba, ambaye jina lake hutajwa katika shukrani na katika msiba. Kwa mpangilio huu, kuzaa kwa Bugonoka si muujiza unaokatiza maisha ya kawaida. Ni tokeo la juhudi za mume, maarifa ya mganga na idhini ya Muumba.

Hapa ndipo historia inapoingia. Mwanahistoria Gerald Hartwig, aliyefanya utafiti Ukerewe mwishoni mwa miaka ya 1960, alichapisha mwaka 1971 makala juu ya biashara ya masafa marefu na mabadiliko ya uchawi miongoni mwa Wakerewe. Hoja yake ilikuwa kwamba hofu ya uchawi haikubaki ileile wakati wote. Katika karne ya 19 kisiwa kiliunganishwa na njia za biashara ya pembe za ndovu. Biashara ilileta mali mpya iliyowafikia baadhi ya watu na kuwapita wengine, na ikaja pamoja na magonjwa. Watu walipokufa kwa maradhi wasiyoyajua, na majirani walipotofautiana kwa utajiri, tuhuma zilizidi.

Hoja hiyo ikikubaliwa, Ukerewe anayoionyesha Kitereza haiwezi kuwa ya “kale” isiyo na tarehe. Jamii ambamo kila ugonjwa huzua swali la nani kauleta, na ambamo familia hutumia mali nyingi kutafuta kinga, inalingana zaidi na nusu ya pili ya karne ya 19. Huo ndio wakati wa ujana wa wazee waliomlea mwandishi. Riwaya haiwataji Wazungu, lakini dunia iliyowaleta tayari imekwishagusa hofu za wahusika wake.

5.0 Safari ya Kitabu na Maana Zilizobadilika

Mswada wa Kikerewe ulikaa miaka mingi bila mchapishaji. Gerald na Charlotte Hartwig walipomfahamu mwandishi, walimhimiza autafsiri kwa Kiswahili, na akaifanya kazi hiyo yeye mwenyewe akiwa mzee. Tanzania Publishing House ilikitoa kitabu kwa tarehe ya mwaka 1980. Kitereza alifariki mwaka 1981.

Kufikia wakati huo, fasihi ya Kiswahili ilikuwa na njia nyingine za kushughulikia yasiyoonekana. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze, aliyatumia majini kwa mafunzo ya maadili. Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960, alimpa mpelelezi wake Bwana Msa kazi ya kuonyesha kwamba nyuma ya mzimu kuna mhalifu wa kawaida. Kitereza hafundishi kwa njia ya majini wala hafichui. Anaeleza jinsi watu walivyoishi na imani hizo, na anamwachia msomaji hukumu.

Tafsiri za baadaye ziliuvuta mkazo upande mmoja. Juzuu la kwanza la Kijerumani lilipewa jina lenye maana ya watoto wa waleta mvua. Tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, mzaliwa wa Ukerewe, ya mwaka 2002, iliongezewa maelezo kwamba ni kisa cha jamii ya kale ya Kiafrika. Majina hayo yanavutia, lakini yanaiondoa hadithi katika tarehe yake. Ruhumbika huyohuyo aliandika riwaya ya Janga Sugu la Wazawa, ambamo imani za ushirikina zinatazamwa kama balaa la kudumu. Kutoka kisiwa kimoja, basi, zimetoka hukumu mbili tofauti juu ya jambo moja.

6.0 Hitimisho

Mjadala huu umeonyesha kwamba uganga katika riwaya ya Kitereza ni chombo cha mapenzi, na uchawi ni kivuli cha mabadiliko ya kiuchumi na kiafya ya karne ya 19. Msomaji anayeviweka vyote katika kapu moja la “imani za jadi” anasahau tofauti kati ya anayetibu na anayedhuru. Kitereza aliijua tofauti hiyo, na akaihifadhi katika kisa cha mtu aliyebeba pombe mpaka ukweni ili mkewe arudi nyumbani.