Nani Atamzika Aliyehama?

Ndugu msikilizaji, nawe ndugu msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, leo naanzia Majengo, hapa Dodoma mjini. Yupo kijana mmoja, fundi wa redio na simu, ambaye humpelekea kinasa sauti changu kila kinapogoma. Jina lake silitaji, maana hakunipa ruhusa. Juzi, akiwa amekiinamia chombo changu na bisibisi mkononi, aliniuliza bila kuinua macho: "Kaka, wewe unapenda mambo ya historia. Hivi huku kwetu amewahi kutokea mtu aliyelelewa kanisani, halafu akawa Mbudha?"

Nikadhani ananitania. La hasha. Kijana huyu alizaliwa katika nyumba ya Kikristo, akabatizwa, akapata kipaimara, akaimba kwaya. Sasa ni mwaka wa tatu haendi kanisani. Alfajiri hukaa mkekani chumbani mwake, hunyamaza na kuifuatilia pumzi yake ikiingia na kutoka. Hakuna aliyemhubiria wala kumpa fedha. Alisoma mwenyewe, akajaribu, akaona kwamba hapo ndipo moyo wake unapotulia. Mama yake amekwisha kujua. Hakumfukuza, wala hakumlaani. Alimwambia neno moja tu: "Mwanangu, sikuulizi unamwamini nani. Nakuuliza, nani atakuzika?"

Ndugu msikilizaji, swali la mama huyo si dogo. Hapa kwetu dini si yale tu mtu anayoyakiri moyoni. Dini ni turubai linalofungwa uani siku ya msiba. Ni sufuria kubwa za jumuiya, ni kina mama wanaokesha, ni vijana wanaochimba, na ni kiongozi anayesimama penye udongo kusema maneno ya mwisho. Niliwahi kuhudhuria msiba mmoja ambapo kiongozi wa dini alikataa kuongoza ibada kwa sababu marehemu alikuwa na miaka mingi hajaonekana kwenye jumuiya wala kutoa zaka. Kanisa lenyewe silitaji. Tulisimama juani zaidi ya saa nzima watu wakibembelezana, na jeneza limewekwa chini. Mwishowe mzee mmoja wa ukoo akaomba sala ya Baba Yetu, tukafukia. Tangu siku hiyo namwelewa kila mzazi anayeuliza swali lile.

Sheria haina neno. Ibara ya 19 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa imani, pamoja na uhuru wa kubadilisha dini yake. Hata Serikali ihesabupo watu haiulizi dini ya mtu. Mara ya mwisho swali hilo kuwamo katika sensa ilikuwa mwaka 1967. Lakini Katiba haichimbi kaburi, wala karani wa sensa haleti kuni msibani.

Basi nikaahidi kumtafutia fundi wangu jibu. Nimelipata, na cha ajabu ni kwamba njia ya kulifikia inapita hapa hapa kwetu, katika uwanda huu wa kati.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Methali hiyo ndiyo hutupwa usoni mwa kila anayehama. Lakini tuulizane, asili ipi? Miaka mia moja na hamsini iliyopita hapakuwa na kanisa hata moja katika Ugogo. Watu walikuwa na tambiko lao, na watemi wao walikuwa na mawe ya mvua, maana katika nchi hii mwenye mvua ndiye mwenye uhai. Misafara ya kutoka pwani ilipita ikiwa na hofu ya mambo mawili: ukosefu wa maji, na hongo waliyotozwa na wakubwa wa Kigogo kabla ya kuruhusiwa kusonga mbele.

Mwaka 1875 Stanley alikuwa Buganda kwa Kabaka Mutesa, akaandika barua iliyochapishwa gazetini London, akiwaita wamisionari waende huko. Wamisionari wa CMS wakaitikia. Mwaka 1876 walifungua kituo Mpwapwa, ukingoni mwa Ugogo, kiwe mahali pa kupumzikia katika safari ya Buganda. Mwaka 1877 Alexander Mackay, fundi wa mitambo kutoka Uskoti, akasimamia ukataji wa barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa. Mwaka 1878 ikafika zamu ya Wakatoliki. Mapadri Weupe waliondoka Bagamoyo na msafara mkubwa, wakakatiza nchi yetu kuelekea Tabora, na mmoja wao alifariki njiani. Padri Lourdel na Bruda Amans walitia mguu Buganda mwezi Februari mwaka 1879.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, Ukristo wa Uganda, wa Kianglikana na wa Kikatoliki, ulipita katika vumbi letu na kulipa hongo yetu. Waganda walioupokea waliambiwa nini na wazee wao? Waliambiwa wameacha asili. Kabaka Mwanga alipoona vijana wa ikulu yake wanamtii bwana mwingine, aliwaua. Tarehe 3 Juni 1886 wengi walichomwa moto Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Leo mahujaji kutoka Tanzania huenda huko kila mwaka kuwaheshimu. Wale tunaowaita mashahidi walikuwa, machoni pa baba zao, watoto waliohama.

Sasa shika uzi huo huo, uufuate miaka mingi mbele. Katika Uganda hiyo hiyo alizaliwa mtoto aliyeitwa Steven Kaboggoza, akalelewa katika Ukatoliki. Mwaka 1990 alikwenda India kusoma mambo ya biashara. Akiwa chuoni alikutana na watawa vijana kutoka Thailand, wakawa marafiki zake, akaanza kuuliza maswali. Masomo ya biashara yakafifia, ya rohoni yakakolea. Alizunguka nchi za Asia kwa miaka kadhaa, na huko Thailand alipata hata kazi ya kufundisha watu kuzamia baharini. Aliporudi nyumbani mwaka 1997, ndugu zake walimtazamia mtu mwenye shahada na mali. Alichokuja nacho ni vitabu vya Ubudha.

Msomaji mwenye mtoto aliyesomeshwa kwa jasho anaweza kuipima mwenyewe aibu ya siku hiyo.

Kaboggoza akaondoka tena, safari hii kwenda Marekani. Mwaka 2002, huko California, alipewa utawa na mwalimu wa Kiburma, Sayadaw U Silananda, akapewa jina jipya la Buddharakkhita. Akaishi miaka mingine katika makao ya watawa ya West Virginia, chini ya mwalimu wa Kisri Lanka, Bhante Gunaratana. Angeweza kubaki huko. Asingechekwa na mtu. Lakini mwaka 2005 alirudi kwao akaanzisha Kituo cha Kibudha cha Uganda, huko Garuga karibu na Entebbe, jirani na ziwa.

Mwenyewe amesimulia jinsi watu walivyomshangaa, Mwafrika mwenye kichwa kilichonyolewa na vazi la rangi ya udongo. Bakuli lake la kupokelea chakula wengine walidhani ni ngoma, wengine wakaliogopa wakidhani ni bomu. Hakujibu kwa hasira. Kituo chake kilichimba kisima na majirani wakachota maji, na jirani anayechota maji haulizwi anasali wapi. Na mama yake mzazi, ambaye angeweza kuuliza swali lile lile la mama wa Majengo, hatimaye alimfuata mwanawe katika njia hiyo, naye akawa mtawa.

Sisemi haya ili mama wa Majengo naye ahame. Nasema haya kwa sababu ya neno moja, yaani kurudi. Mtu huyu alipata imani ugenini, lakini makao hakuyapata mpaka alipoileta imani hiyo kwa watu wake, wakaiona kwa macho na kuipima kwa matendo.

Huenda msikilizaji anauliza, Ubudha wenyewe ni kitu gani? Kwa ufupi, Budha hakujiita mungu. Alikuwa mtu, Siddhartha Gautama, aliyezaliwa Lumbini, katika nchi ambayo leo ni Nepal, miaka mia kadhaa kabla ya Kristo. Aliacha jumba la baba yake (naye alihama!) akatafuta chanzo cha mateso ya binadamu. Alifundisha kwamba mateso yapo, yana chanzo chake katika tamaa, yanaweza kukoma, na iko njia ya kuyakomesha. Mfuasi wa kawaida hushika kanuni tano: asiue, asiibe, asizini, asiseme uongo, asitumie vileo. Nne za kwanza wazee wetu wa kanisa wangezisaini bila kusita. Ya tano ina ugumu wake katika mkoa unaolima zabibu.

Wala Ubudha si mgeni wa jana katika nchi hii. Dar es Salaam, mtaa wa Upanga, lipo hekalu la Kibudha ambalo chimbuko lake ni Washinghala waliotoka Ceylon, nchi inayoitwa sasa Sri Lanka, wakaja kufanya kazi Tanganyika mwanzoni mwa utawala wa Waingereza. Linahesabiwa miongoni mwa mahekalu ya kwanza kabisa ya Kibudha katika Afrika. Watu hao nao walijua uzito wa kuhama. Kwao shule za misheni zilikuwa zimewavuta watoto wengi, na miaka ile ile ambayo Mpwapwa ilikuwa ikipokea wamisionari wake wa kwanza, huko Ceylon upepo ulianza kugeuka. Mwaka 1880, mjini Galle, Mmarekani aliyelelewa katika Ukristo wa Kipresbiteri, Kanali Henry Olcott, alikiri Ubudha hadharani. Baadaye alisaidia kufungua shule za Kibudha kisiwani humo. Hivyo dini zilikuwa zikipishana baharini, kila moja na wahamaji wake.

Narudi nyumbani. Babu yangu mzaa baba alibatizwa mwaka 1934, kijana wa kwanza katika kijiji chetu, upande wa Mvumi. Baba yake alikuwa mtu wa tambiko. Mwaka uliofuata mvua ilichelewa, na babu hakwenda kwenye tambiko la kuiomba. Watu walisema ndiye aliyeifunga. Baba yake akamwambia maneno ambayo sisi wajukuu tulisimuliwa mara nyingi, kwamba siku akifa wazungu wake wa misheni ndio watakaomlilia.

Babu hakuhamia misheni. Alibaki pale pale. Hakunywa pombe ya tambiko, lakini palipotokea msiba wowote kijijini, wa Mkristo au wa asiye Mkristo, yeye alikuwa wa kwanza kufika na jembe lake. Alifanya hivyo zaidi ya miaka hamsini. Alipofariki mwaka 1989 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Nakumbuka wazee wawili ambao hawakuwahi kuingia kanisani walivua mashati na kushuka kaburini kuchimba, wakikataa kupokewa. Mchungaji alisali, nao wakasubiri kwa heshima, kisha wakafukia.

Hapo ndipo nililiona jibu. Aliyemzika babu si dini mpya, wala ya zamani. Alizikwa na misiba aliyoihudhuria.

Wiki hii nilirudi Majengo kuchukua kinasa sauti changu. Nikamsimulia fundi habari za Mpwapwa, za Namugongo, za Garuga na za babu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole, "Kaka, mimi tangu niache kanisa, misibani nako nimeacha kwenda. Naona aibu kuulizwa." Nikamwambia kosa liko hapo, si mkekani. Kama amehama kanisa, asihame mtaa. Mtu ni watu. Budha wake mwenyewe asingemshauri vinginevyo, maana huruma ndiyo moyo wa mafundisho yale.

Nanyi viongozi wa dini mnaonisikiliza, naomba mniruhusu neno moja kwa heshima zote. Mimi bado nakaa kwenye benchi alilokalia baba yangu kanisani, na sitarajii kuhama. Lakini kanisa letu hapa uwandani liliota mizizi kwa sababu watu wasioliamini walikubali kumzika babu yangu. Hilo ni deni. Siku mtoto wa jirani aliyehama atakapolala chini, tusimwache mama yake amesimama juani akitubembeleza.

Nilipotaka kumlipa fundi, alikataa nusu ya fedha. Jumamosi iliyofuata palikuwa na msiba mtaani kwao. Nilikwenda, kwani marehemu nilimfahamu. Udongo wa Dodoma mnaujua, wakati wa kiangazi hauingiliki kwa jembe, mpaka sururu. Aliyekuwa ndani ya shimo na sururu hiyo, jasho likimtiririka, alikuwa yeye. Mama yake alikuwa upande wa pili na kina mama wenzake. Alimtazama mwanawe kwa muda, kisha akachota maji kikombe kimoja akampelekea.

Kwa leo naishia hapo. Panapo majaliwa, tukutane wiki ijayo.