Mji Uliojengwa Upya na Kijiji Kilichobomolewa

Pande za mashariki ya Kanada, katika jimbo la Nova Scotia, uko mji wenye ngome uitwao Louisbourg. Wafaransa waliuanzisha mwaka 1713. Waingereza wakauteka mwaka 1758, na baada ya miaka miwili wakazivunja kuta zake kwa baruti, pakawa magofu. Hata mwaka 1961 serikali ya Kanada ikaanza kujenga upya kama robo ya mji ule, ikiwaajiri wachimba makaa waliokosa kazi. Ni kazi njema, nasi twaisifu.

Walakini miaka ile ile, katika jimbo lilo hilo, wakuu wa mji wa Halifax walikuwa wakibomoa Africville, kijiji cha watu weusi kilichokuwa na kanisa lake tangu 1849. Wenyeji wengine vyombo vyao vilichukuliwa kwa magari ya taka. Kanisa likaangushwa usiku, mwaka 1967. Twastaajabu: nyumba ambazo wenyewe walikufa zamani zilisimamishwa, na nyumba zenye watu ndani zikabomolewa! Mwaka 2010 mji uliomba radhi, na mwaka uliofuata likafunguliwa kanisa lililojengwa kwa mfano wa lile la kwanza. Nyumba hazikujengwa tena, ila wenyeji wa zamani na watoto wao hukutana pale kila mwaka.