Mtawala Naye Ana Saumu Yake



Mchana wa Ramadhan, uko peke yako nyumbani. Maji baridi yako pale, kiu imekushika, na hakuna binadamu anayekuona. Mbona hunywi? Uwezo unao, lakini umejizuia. Mwezi huu mzima tunafundishwa kwamba si kila unachoweza kukifanya una ruhusa ya kukifanya.

Sasa hebu tuulize: serikali nayo inafunga? Ina polisi, ina jela, ina bunduki. Nani anaizuia? Jibu lake ni utawala wa sheria. Wengi wetu tukisikia maneno haya tunadhani maana yake ni raia atii sheria, basi. Hiyo ni nusu. Nusu ya pili, na ndiyo nzito, ni kwamba mwenye kutawala naye yuko chini ya sheria ile ile.

Kwetu Waislamu hili si geni. Mwanamke wa ukoo mtukufu wa Makhzum alipoiba, Makureshi walimtuma Usama bin Zayd, kipenzi cha Mtume (s.a.w.), amwombee asamehewe. Mtume alikasirika. Aliwaeleza kuwa waliotangulia waliangamia kwa kumwacha mkubwa akiiba na kumwadhibu mnyonge, na kwamba hata binti yake Fatima asingesazwa. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Tuje kwetu. Panda matatu Thika uelekee Nairobi. Utapita Ruiru, na si mbali na hapo iko jela ya Kamiti. Ukiendelea mbele utauona uwanja wa Kasarani. Abiria wengi husinzia tu, lakini barabara hii ina historia.

Aprili 1954, wakati wa hali ya hatari, Waingereza waliuzingira mji wa Nairobi katika msako walioupa jina la Anvil. Maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikusanywa, wakachujwa, wakapelekwa kambini bila kufikishwa kortini. Kabila lao lilitosha kuwa kosa. Na angalia, yote yalifanywa kwa kanuni zilizoandikwa. Kumbe kuwa na sheria si sawa na utawala wa sheria! Sheria inayompa mtawala kila anachotaka ni fimbo tu.

Uhuru ulikuja 1963, fimbo ikabaki. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa Kamiti karibu mwaka mzima, tangu mwisho wa 1977 hadi Desemba 1978, bila kushtakiwa kwa kosa lolote. Mwaka 1988 bunge lilibadilisha katiba, rais akaweza kuwaondoa majaji bila jopo la kuwachunguza kwanza. Jaji gani atamwambia "hapana" mtu anayeweza kumfukuza kesho asubuhi? Ulinzi wa majaji ulirudishwa 1990, na mamlaka ya kumweka mtu kizuizini bila kesi yakafutwa 1997. Katiba ya 2010 ikakaza kamba zaidi. Kifungu cha 49 kinasema aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, na afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata ikiwa muda huo umeisha korti zimefungwa.

Halafu ikaja Aprili 2014, miaka 60 baada ya Anvil. Kufuatia mashambulizi ya kigaidi, maelfu ya watu walikamatwa katika Operesheni Usalama Watch, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, Waislamu wenzetu. Wengi walifungiwa Kasarani, na wako waliozuiliwa kupita zile saa 24. Desemba mwaka huo bunge likapitisha sheria mpya ya usalama katikati ya vurugu.

Safari hii watu walikwenda kortini. Muungano wa upinzani wa CORD na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu walishtaki, na tarehe 23 Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu wakafuta vifungu vinane vya sheria ile, kikiwemo kilichosema wakimbizi nchini wasizidi 150,000. Serikali iliambiwa "hapana", na majaji wakabaki kazini.

Lakini tusijidanganye. Hukumu ile haikuwarudishia waliolala Kasarani siku zao. Kamba haijivuti yenyewe, lazima mtu aivute. Ni wangapi waliopita pale kwa matatu, wakatazama dirishani, wakasema moyoni "hao si wetu"? Wajukuu wa waliokusanywa mwaka 1954 walipita barabara hiyo hiyo. Na sisi je, kesho akionewa asiyekuwa Mwislamu, tutasema? Allah katika Suratun Nisaa, aya ya 135, ametuamrisha kusimamia uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu.

Basi ndugu yangu, dada yangu, Ramadhan hii kisome Kifungu cha 49 na umfundishe mdogo wako. Na tuanzie nyumbani: mwenyekiti wa kamati ya msikiti na mweka hazina wa jumuiya ya vijana nao waulizwe hesabu, kwa adabu, bila uoga. Tukishindwa kumuuliza tunayeswali naye safu moja, tutamuuliza vipi rais?

Allah atutakabalie saumu zetu na atujaalie viongozi wanaojua mipaka yao. Amin.